Mtu wa Gari

Swali la kumi na nne kwenye fomu lilikuwa na maneno matano tu: Nani alikupa sigara ya kwanza? Laban Okochi aliliuliza kwa mara ya kwanza huko Kwapa, karibu na Tororo nchini Uganda, asubuhi moja ya Februari 1966. Mzee aliyeulizwa alimtazama, akacheka mpaka akakohoa, akasema, "Unaniuliza mimi? Si ni wewe."

Laban alicheka naye kwa sababu watu walikuwa wanatazama. Kisha akainamia fomu yake, na pale palipotakiwa jina akaandika: mtu wa gari.

Kazi hii alikuwa ameipata wiki mbili kabla ya hapo. Dokta Otai, mtu wa Teso aliyesomea udaktari Kampala, alikuwa ametumwa na wizara kutoka Entebbe. Serikali ilitaka kujua, kabla ya kutunga sheria yoyote juu ya tumbako, uvutaji ulikuwa unawaumiza watu kiasi gani. Dokta alipewa Land Rover, mzani, na mashine ya duara yenye mshale kama wa saa, ambayo mtu aliipuliza kwa nguvu ili ijulikane pumzi yake ikoje. Alitakiwa kupata watu mia nane kutoka Busia na Tororo, nusu wavutaji, nusu wasiovuta, na kuwauliza wote maswali yale yale. Unavuta tangu lini? Unakohoa? Mwaka uliopita ulilala hospitali siku ngapi? Siku ngapi umeshindwa kulima?

Alihitaji karani anayejua Kisamia, Kipadhola, Kiteso na Kiswahili, na anayezijua njia. Watu watatu tofauti walimtajia Laban. Dokta alipomwuliza amezijuaje njia zote hizo, Laban alijibu, "Biashara, Dokta."

Huo haukuwa uongo. Kuanzia mwaka 1954 hadi 1960 alikuwa akizunguka masokoni na gari la kampuni moja ya sigara, gari la njano lenye kipaza sauti juu ya paa na santuri ndani. Leo Tororo, kesho Busia, siku nyingine upande wa Kenya hadi Bumala na Mumias. Kazi yake ilikuwa kucheza, kuchekesha watu na kugawa sigara bure. Yule aliyesema hajavuta maisha yake yote ndiye aliyetakiwa hasa. Laban alimwashia kwa mkono wake, akamshika bega, akamwambia avute polepole. "Inafungua kifua," alisema, kwa kuwa ndivyo alivyoambiwa aseme. Alivaa suti nyeupe, na hakukuwa na soko ambalo hawakumjua kwa jina.

Kampuni ilipomwachisha kazi alirudi Busia, akafungua banda la kutengeneza baiskeli karibu na mpaka. Aliendelea kuvuta, sigara ishirini kwa siku. Kila asubuhi alikohoa muda mrefu kabla ya kuweza kumjibu mke wake, Peninah, salamu.

Kufikia mwisho wa wiki ya tatu, fomu hamsini na mbili zilikuwa zimeandikwa mtu wa gari. Wengine walisema kaka, wengine baba, wengine walijisokotea wenyewe tumbako ya shambani. Lakini kila mahali palitokea mtu aliyemnyoshea Laban kidole na kutabasamu. Alianza kuvaa kofia na kuishusha hadi kwenye nyusi. Swali la kumi na nne aliliuliza haraka, kwa sauti ya chini, akiomba Mungu Dokta awe bado anahangaika na mzani. Kila alasiri Dokta alikaa kwenye meza ya kukunja, akazisoma fomu zote za siku hiyo moja moja. Laban alisimama pembeni akijifanya anafunga mizigo. Ukurasa ulipochelewa kugeuzwa, alifungua kamba akaifunga upya.

Kulikuwa pia na kifua chake. Kikohozi kilipomjia alikwenda nyuma ya Land Rover, akajiziba mdomo kwa leso. Siku moja aliporudi alikuta Dokta anamtazama.

"Wewe mwenyewe hujapuliza mashine, Bwana Laban."

"Nitapuliza, Dokta. Tumalize kwanza watu."

Mwezi Machi walifika Masaba. Waliwapima akina mama wazee waliovuta sigara huku moto umeelekea ndani ya mdomo, wakawapima vijana wa mashamba ya pamba, kisha wakaelekezwa nyumba ya Rasto Oundo, kwa kuwa yeye hangeweza kuja. Rasto alikuwa na miaka arobaini na minane. Aliketi kwenye kiti mlangoni, mabega yamepanda juu, akivuta pumzi kama mtu aliyetoka kukimbia. Mke wake, Felistus, alisimama nyuma yake.

Rasto alipuliza. Mshale uliinuka kidogo ukasimama kwenye tisini. Dokta alimwomba apulize tena, na tena. Ulikuwa tisini.

"Siku ngapi umeshindwa kulima?" Laban aliuliza.

Felistus ndiye aliyejibu. "Andika tangu pamba ya mwaka juzi. Hajashika jembe. Mimi nalima, na binti yetu ametoka shule analima. Hata kwenda chooni tunamshika mkono."

Laban aliandika. Alitazama nyuma, akaona Dokta anairudisha mashine ndani ya sanduku lake kwenye gari, akauliza swali la kumi na nne.

Uso wa Rasto ulichangamka. Alisubiri apate pumzi, ndipo akasema, "Laban. Umesahau? Sokoni, siku ya mvua. Watu wengine uliwapa moja. Mimi ulinipa tatu." Akapumzika. "Ulikuwa unajua kucheza, ndugu yangu."

Hakuwa na kinyongo chochote, na hilo ndilo lililomshinda Laban. Angetukanwa angejua la kujibu. Aliandika maneno yale yale matatu, akafunga kalamu, akaaga. Felistus alimsindikiza mpaka kwenye njia.

"Umeandika jina lako?" aliuliza.

"Nimeandika, Mama."

"Mimi sijui kusoma. Naamini vile unaniambia."

Tangu siku hiyo Laban hakula vizuri. Na siku ya Ijumaa, katika nyumba ya wageni ya serikali walimofikia Tororo, Dokta alimwita mezani. Alikuwa ametenga rundo la fomu upande mmoja.

"Huyu mtu wa gari ni nani?" aliuliza. "Yumo kwenye fomu sabini na moja. Kwapa yumo, Masaba yumo, Busia yumo. Wewe unayaandika maneno haya kila siku. Hukuuliza?"

"Wanasema tu mtu wa gari, Dokta."

"Nataka apatikane. Nataka nimpeleke Entebbe."

Laban aliitikia kwa kichwa. Mjini Busia tayari kulikuwa na maneno kwamba serikali inaorodhesha watu wa tumbako ili iwafunge, na yeye mwenyewe alikuwa akiwatuliza watu kuwa si kweli. Sasa hakujua. Entebbe aliijua kwa kusikia tu. Ilikuwa mahali zilikotoka amri. Jumamosi alipanda basi kurudi nyumbani, na njia nzima alihesabu ni watu wangapi Busia wangeweza kumtaja, wakiulizwa.

Peninah alikuwa anamenya mihogo ya kwenda kuuza mpakani. Alimsikiliza mumewe mpaka mwisho bila kuacha kisu.

"Kwani kuna mtu ulimlazimisha, Baba Anjeline?"

"Hapana. Walikuwa wananipenda."

"Basi kosa liko wapi?"

"Sijui kama liko. Ndiyo maana naogopa. Nikiulizwa, sijui nitajibu nini."

Peninah aliweka kisu chini. "Kaka yangu yuko upande wa Kenya. Nenda ukae kwake mpaka huyu Dokta amalize kazi yake. Nani atakufuata huko?"

Jumapili, watu wakiwa kanisani, Laban alifunga nguo zake mbili kwenye baiskeli, akavuka mpaka. Askari wa forodha walimjua, wakampungia mkono. Upande wa pili aliagiza chai kwenye mkahawa wa barabarani ili atulie kabla ya kwenda kwa shemeji yake. Alikuwa bado hajaimaliza, mtu mmoja mnene, mchuuzi wa samaki, akaja kuketi mbele yake na kumtazama usoni.

"Wewe si Laban wa gari?" alisema yule mchuuzi kwa furaha. Alitoa pakiti, akamnyoshea. "Chukua. Leo ni zamu yangu kukupa."

Laban alichukua, na yule mtu akamwashia kwa mkono wake. Alivuta mara mbili. Kikohozi kilichomjia hakikutaka kuisha. Kilimwinamisha mpaka paji la uso likagusa meza, na alipofungua macho leso yake ilikuwa na doa dogo jekundu. Laban alimlipa mwenye mkahawa pesa ya chai, akapanda baiskeli, na badala ya kwenda kwa shemeji akarudi alikotoka. Hakuwa amepata ujasiri wowote. Alikuwa ameona tu kwamba hakuna pa kwenda ambapo hajulikani, na kwamba mtu pekee aliyemjua ambaye angeweza kumweleza habari ya lile doa ni Dokta.

Jumatatu alimkuta Dokta Otai anakunywa uji barazani. Alimwambia yote akiwa amesimama, kofia mkononi. Dokta aliweka kikombe chini.

"Fomu sabini na moja," alisema polepole. "Watu walitaja jina, wewe ukaandika kitu kingine."

"Ndiyo, Dokta."

"Na mengine? Siku za kulima, siku za hospitali, namba za mashine? Nitajuaje hukuyabadilisha?"

Laban hakuwa amewaza hilo. Alikuwa amejiandaa kwa polisi, kwa pingu, kwa aibu mbele ya Peninah. Hakujiandaa kwa kazi nzima kutupwa kwa sababu yake. "Mengine ni ya kweli," alisema. "Naapa."

"Kiapo hakisaidii. Tutarudi kwa wote sabini na moja. Nitauliza mwenyewe, na wewe utatafsiri, na mwalimu wa shule atakaa akusikilize kama unatafsiri sawasawa. Nikikuta namba moja imebadilishwa, nazichoma zote na naiandikia wizara kwa nini."

"Na polisi, Dokta?"

"Polisi wa nini?" Dokta alimtazama kama hakuelewa. "Entebbe kuna kamati. Nilitaka huyo mtu aende akawaeleze alivyokuwa akiagizwa kufanya. Hakuna aliyewahi kuwaambia." Kisha akaonyesha sanduku la mashine. "Sasa puliza."

Laban alipuliza. Mia mbili na arobaini. Dokta alimwambia bila kumzungushia maneno kuwa mtu wa umri na kimo chake angetakiwa kufika mia tano na zaidi, na kwamba damu ile lazima itafutiwe sababu. Alipigwa picha ya kifua hospitalini Tororo, na picha ikapelekwa Kampala ili isomwe na bingwa. Jibu lingechukua wiki tatu.

Katika wiki hizo tatu walirudia nyumba sabini na moja. Laban alikuwa akifika mlangoni mwa mtu akiwa na hofu mbili kwa pamoja: kwamba fomu haitalingana, na kwamba ndani ya kifua chake kuna kitu kinachokua. Namba zililingana. Wachache walikosea siku mbili tatu, kama anavyokosea mtu yeyote akiulizwa mara ya pili, na Dokta alilikubali hilo. Kila penye maneno mtu wa gari Laban alikata mstari, akaandika Laban Okochi, na Dokta akatia sahihi pembeni.

Masaba waliifikia mwisho. Kiti cha Rasto hakikuwapo mlangoni. Felistus alitoka akiwa amefunga kichwa kitambaa cheusi. Rasto alikuwa amezikwa siku tisa kabla.

Dokta alimpa pole, akasema hawatamsumbua kwa maswali. Lakini Laban alitoa fomu kwenye mkoba.

"Mama, siku ile nilikudanganya. Sikuandika jina langu. Nimekuja kuliandika."

Felistus aliinamia fomu. "Niliona kalamu yako iliinuka mara tatu," alisema. "Laban Okochi ni majina mawili tu."

Aliandika mbele yake, akitamka kila neno. Felistus alifuata kalamu kwa macho mpaka herufi ya mwisho. Hakusema amemsamehe, na Laban hakuomba.

"Hizo karatasi zinakwenda wapi?" aliuliza Felistus.

"Entebbe. Kwa watu wa serikali."

"Waambie alikuwa anaimba kanisani, sauti ya chini kabisa. Miaka miwili hii tulikuwa tunampeleka, anakaa tu. Hilo hamkuniuliza. Hakuna swali lake."

Jibu la Kampala lilikuja siku ya mwisho ya Aprili. Dokta alilisoma kimya kwanza, na Laban aliyekuwa amekaa kwenye benchi na Peninah alihisi mkono wa mkewe umemkamata kiwiko. Haikuwa saratani. Damu ilitoka kwenye koo lililochanika kwa kukohoa. Lakini mapafu yalikuwa yameharibika, na kilichoharibika hakingerudi. Akiacha kuvuta, alisema Dokta, yanaweza kubaki hapo yalipo. Asipoacha, atakwenda alikokwenda Rasto. Peninah alianza kulia hapo tu, baada ya habari njema.

Kuacha kulimsumbua kuliko alivyotegemea. Mara mbili alishindwa. Alitafuna miwa, akatafuna mihogo mibichi, akamgombeza kila mtu nyumbani. Mwezi Agosti, alipoitwa Entebbe, alikuwa na siku kumi na moja bila sigara, na mikono haikutulia.

Kamati ilikuwa na watu watano na meza ndefu. Mmoja wao alikuwa akivuta. Moshi ulimfikia Laban pale aliposimama, na kwa muda hakufikiri kitu kingine. Kisha alianza. Aliwaeleza juu ya suti nyeupe na santuri, jinsi alivyoagizwa kumtafuta asiyevuta, kumwashia, kumshika bega. Aliwaeleza habari za Rasto, siku alizoshindwa kulima, binti aliyeacha shule, na jinsi Rasto mwenyewe alivyokaa kanisani bila kuimba.

"Ulijua kuwa sigara inadhuru?" aliuliza mwenyekiti.

"Sikujua, mheshimiwa."

"Basi hukuwa na kosa."

"Sikujua, na sikuuliza. Nilikuwa nimeanza kukohoa tangu mwaka wa pili wa kazi. Sikuuliza."

Yule aliyekuwa akivuta alisema tumbako inaiingizia serikali kodi kubwa. Dokta Otai aliweka mezani karatasi yenye jedwali: kwa kila watu mia wanaovuta, siku za kulala hospitali zilikuwa karibu mara tatu kuliko za wasiovuta, na siku za kushindwa kulima mara nne. Waliipitisha mkono kwa mkono. Mwenyekiti alishukuru, akasema jambo hilo litaangaliwa.

Liliangaliwa kwa mwaka mzima na nusu. Laban alirudi kwenye banda lake la baiskeli, na kila gari la serikali lililosimama Busia lilimshtua. Mwanzoni mwa 1968 ndipo bwana soko, msimamizi wa soko la Busia, alipopokea barua. Sheria yenyewe haikuwa imetungwa. Barua ilisema tu kwamba ni marufuku kugawa sigara bure sokoni.

Mwezi Juni gari la sigara lilikuja, jipya, la rangi nyingine, na kijana mwenye miwani myeusi. Bwana soko alimwonyesha barua. Kijana aliisoma, akacheka bila ubaya, akageuza gari, akavuka mpaka. Alisimama mita mia tatu mbele, upande wa Kenya, ambako barua ile haikuwa na nguvu, akafungua muziki. Watu wa soko la Uganda waliacha bidhaa zao wakaenda kuusikiliza.

Laban aliwafuata kwa miguu. Ilimbidi asimame mara nne apate pumzi. Alipofika hakuweza kupaza sauti, na hata angeweza, kipaza sauti kingemzidi. Alimwendea mtu mmoja mmoja, hasa wale waliogeuza sigara mkononi bila kujua waishikeje, akawaambia yeye ni nani. Wengi walimsukuma kando. Wawili walirudisha. Mwanamke mmoja alimwuliza kwa nini anahema hivyo, akamsikiliza mpaka mwisho.

Jioni hiyo alimwandikia Dokta Otai. Dokta aliandika kwa daktari mwenzake wa Kisumu, na barua zikaenda na kurudi kwa miezi. Mwaka 1969 watafiti wa Kenya walifika Busia upande wao kupima wavutaji, wakitafuta makarani wanaojua Kisamia na Kijaluo. Laban, ambaye sasa hakuweza kutembea mbali, alimpeleka binti yake Anjeline, aliyekuwa na miaka ishirini na hakuwa na kazi. Walimjaribu siku nzima, wakamkubali.

Peninah alisema ni jambo la kushukuru. Laban naye alisema hivyo hivyo, lakini wiki nzima aliuliza maswali ambayo Anjeline hakuweza kuyajibu: kama watu watamtukana wakisikia ni mtoto wa nani, kama watampa fomu nyingi kuliko uwezo wake, kama wataisoma kazi yake huko Nairobi au wataiweka kabatini.

"Baba, mimi naanza tu," alisema Anjeline.

Jumatatu alivuka na daftari chini ya kwapa. Laban alihamishia kiti chake nje, upande unaotazama barabara ya mpaka, na hakukiacha mpaka saa kumi na moja jioni, alipomwona anarudi katikati ya wachuuzi, anatembea bila haraka, akiongea na mtu.